Dawa kupitishwa kwa umeme kwenye ngozi: Mambo ambayo mzazi anapaswa kujua kabla ya kukubali

Mama anayelea mtoto mchanga hunyanyua mzigo uleule mara nyingi kwa siku. Humtoa mtoto kitandani, humpakata, humhamisha bega moja hadi jingine, humwogesha, kisha humbeba tena. Kila mara viganja hupita chini ya makwapa ya mtoto, madole gumba yakiwa yametanuka.

Baada ya wiki kadhaa, upande wa kifundo cha mkono ulio chini ya dole gumba huanza kuuma. Kukamua nguo kunauma. Kufungua kifuniko cha chupa kunauma. Hata kuandika ujumbe kwenye simu kunakuwa adhabu.

Tatizo hili hujulikana kwa jina la Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyelieleza mwaka 1895. Kano mbili zinazovuta dole gumba hupita ndani ya ala nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Ala hiyo ikinenepa, kano hubanwa na kukwaruzwa kila dole linaposogea.

Mama huyo akifika kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, anaweza kuambiwa kuwa miongoni mwa tiba zilizopo ni kupitishiwa dawa kwenye ngozi kwa kutumia umeme. Baba mwenye maumivu ya kiwiko kwa kazi ya kupiga randa, au ya kisigino kwa kusimama kutwa nzima, anaweza kuambiwa hivyohivyo.

Neno umeme linatosha kumfanya mtu avute mkono. Wapo wanaokataa papo hapo kwa hofu ya kupigwa shoti. Wapo pia wanaokubali bila kuuliza lolote, wakiamini kwamba mashine itamaliza kila kitu. Makundi yote mawili yanakosa jambo moja la msingi: katika tiba hii umeme ni mbebaji tu. Anayebebwa ni dawa, na kazi ya dawa hiyo ina mipaka yake.

Ngozi ni ukuta

Tiba hii huitwa ayontoforesisi. Ili kuielewa, ni vyema kuanza na ngozi yenyewe.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba mno. Sehemu nyingi za mwili lina unene wa kati ya milimita 0.01 na 0.02. Hata hivyo, tabaka hilo limejengwa kwa chembe zilizokufa, zilizopangika kama matofali na kushikamanishwa na mafuta. Kazi yake ni kuzuia maji ya mwilini yasitoke na vitu vya nje visiingie.

Ndiyo maana dawa nyingi zikipakwa juu ya ngozi hubaki hapo hapo, au huingia kidogo sana. Mtu hujipaka, hujikanda, husikia joto au ubaridi, lakini kiasi kinachofika kwenye kano inayouma huwa kidogo.

Dawa fulani, zikiyeyushwa kwenye maji, hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme. Chembe hizo huitwa ayoni. Baadhi zina chaji chanya, nyingine zina chaji hasi.

Hapa somo la sayansi la shule ya msingi linasaidia. Mtoto aliyechezea sumaku mbili anajua kwamba ncha zinazofanana husukumana. Chaji za umeme nazo hufanya hivyohivyo. Dawa yenye chaji hasi ikiwekwa chini ya pedi iliyounganishwa na upande hasi wa mashine, hufukuzwa na pedi hiyo. Inaposukumwa hivyo huelekea kwenye ngozi, na hupenya zaidi kupitia vijitundu vya jasho na mashina ya vinyweleo.

Umeme unaotumika ni ule unaotiririka upande mmoja tu, kama wa betri. Umeme wa ukutani hubadili mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo ungeisukuma dawa mbele na kuirudisha nyuma.

Sungura wawili wa Nantes

Aliyeonyesha jambo hili kwa namna iliyosadikisha wengi ni Stéphane Leduc, profesa wa chuo cha tiba katika mji wa Nantes, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20.

Leduc aliwaunganisha sungura wawili kwenye mkondo mmoja wa umeme. Sungura wa kwanza aliwekewa pedi yenye sumu iitwayo strikinini, ambayo ina chaji chanya. Wa pili aliwekewa pedi yenye sayanaidi, ambayo chaji yake ni hasi.

Strikinini ilipounganishwa na upande chanya na sayanaidi na upande hasi, sumu zote mbili ziliingia mwilini na sungura wote wawili wakafa. Leduc alipogeuza nyaya, sungura waliowekewa sumu zilezile kwa umeme uleule hawakudhurika.

Leo jaribio kama hilo linatia huruma, lakini funzo lake ndilo linalomlinda mgonjwa. Upande wa waya ndio unaoamua iwapo dawa itaingia au itabaki nje. Pedi ikiunganishwa upande usio wake, mgonjwa atakaa dakika zote, atalipa, na dawa itabaki kwenye pedi.

Dawa zinazotumika

Dawa inayotumika zaidi katika tiba ya viungo ni deksamethasoni. Hii ni steroidi inayopunguza uvimbe na mwako ndani ya mwili. Ile inayotumika kwenye tiba hii huyeyuka kwenye maji, ina chaji hasi, na huwekwa kwenye pedi hasi. Mara nyingi nguvu yake ni asilimia 0.4.

Nyingine ni lidokaini, dawa ya ganzi. Hii ina chaji chanya, hivyo huwekwa upande chanya. Wakati mwingine huchanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa midogo ya damu ili ganzi isisombwe haraka.

Ipo pia asidi ya asetiki, ileile iliyomo ndani ya siki. Baadhi ya wataalamu huitumia pale ambapo chembe za chokaa zimejikusanya kwenye kano, kwa mfano begani.

Deksamethasoni ni dawa halisi yenye masharti yake, hata kama haimezwi wala kudungwa. Mgonjwa wa kisukari, mjamzito na mama anayenyonyesha wanapaswa kusema hali zao kabla pedi haijafungwa. Mwenye mzio wa dawa yoyote naye aseme mapema.

Inavyofanyika chumbani

Mtaalamu huanza kwa kumsikiliza mgonjwa na kuupima mkono, kiwiko au mguu wenyewe. Mashine huja baadaye. Anayeiwasha kabla ya kugusa mahali panapouma ameruka hatua muhimu.

Kisha ngozi hukaguliwa na kusafishwa. Siku hiyo ni vizuri kutopaka mafuta wala losheni sehemu itakayotibiwa, kwa sababu mafuta huzuia umeme usipite sawasawa. Bangili, pete na saa zilizo karibu huvuliwa. Nywele za eneo hilo zisinyolewe kwa wembe kabla ya kwenda, kwani vijikwaruzo vya wembe huruhusu umeme mwingi kupita mahali padogo na kuunguza.

Pedi mbili hubandikwa. Moja ina dawa na hukaa juu ya sehemu inayouma. Ya pili haina dawa, hukaa mbali kidogo, na kazi yake ni kukamilisha njia ya umeme.

Mashine huwashwa na umeme huongezwa polepole. Mgonjwa husikia kitu kama sisimizi wanaotembea, au vijisindano vidogo. Maumivu makali au hisia ya kuungua haitakiwi. Ikitokea, mgonjwa aseme palepale na umeme upunguzwe au uzimwe.

Umeme wenyewe ni mdogo. Kwa kawaida hauzidi miliampia 4. Chaja ya kawaida ya simu inaweza kutoa ampia 1, yaani miliampia 1,000, au zaidi.

Kipimo cha tiba hupatikana kwa kuzidisha kiasi cha umeme na dakika. Miliampia 4 kwa dakika 10 ni 40. Miliampia 2 kwa dakika 20 ni 40 vilevile. Asiyestahimili umeme mkali hupewa mdogo zaidi, kisha huongezewa muda. Hesabu hii inafaa kukumbukwa, kwa sababu wapo wagonjwa wanaovumilia maumivu wakidhani kwamba umeme mkali ndio unaoponya upesi.

Vipo pia vibandiko vyenye betri ndogo ndani yake, ambavyo mgonjwa huondoka navyo na kukaa navyo kwa saa kadhaa. Navyo hufuata kanuni ileile.

Isichanganywe na tiba nyingine

Katika vyumba vya tiba ya viungo kuna mashine kadhaa zenye nyaya na pedi, na si rahisi kwa mgonjwa kuzitofautisha.

Ile iitwayo TENS hutuma mapigo ya umeme ili kupoza maumivu kupitia neva. Haibebi dawa. Mashine nyingine hukaza misuli iliyolegea, nayo haibebi dawa. Ultrasaundi ya tiba hutumia mawimbi ya sauti, na wakati mwingine hupitishwa juu ya jeli yenye dawa.

Swali moja linatosha kuondoa utata: "Hapa kuna dawa, na ni dawa gani?" Kama dawa ipo, mgonjwa ana haki ya kujua jina lake na kuliandika.

Je, inasaidia kweli?

Hapa ndipo familia inapaswa kuwa makini, hasa ikiwa inalipa kutoka mfukoni.

Mwaka 1997 jarida la tiba ya michezo la Marekani, American Journal of Sports Medicine, lilichapisha utafiti kuhusu watu wenye maumivu ya unyayo karibu na kisigino. Wote walipata tiba ya kawaida. Baadhi walipitishiwa deksamethasoni kwa umeme, wengine walipitishiwa maji yasiyo na dawa. Baada ya wiki mbili za tiba, waliopata dawa walikuwa wamepata nafuu zaidi. Mwezi mmoja baadaye, tofauti kati ya makundi hayo haikuonekana tena.

Mwaka 2003 jarida hilohilo lilichapisha utafiti mwingine, safari hii kuhusu maumivu ya kiwiko ambayo wengi huyaita kiwiko cha wacheza tenisi. Wagonjwa 199 walipangiwa vipindi 6. Siku mbili baada ya vipindi kwisha, waliopata dawa walikuwa na maumivu machache kuliko waliopata pedi zisizo na dawa. Mwezi mmoja baadaye, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

Tafiti hizo mbili zinaelekea upande mmoja. Tiba hii inaweza kuharakisha nafuu ya mwanzo. Nafuu ya kudumu hutafutwa kwingine: kwenye mazoezi, kwenye kupumzisha kano, na kwenye kubadili namna ya kufanya kazi.

Nafuu ya wiki mbili si kitu kidogo kwa mama ambaye hawezi kumnyanyua mwanawe. Inaweza kumpa nafasi ya kuanza mazoezi ambayo maumivu yalikuwa yakimzuia. Lakini akirudi kumbeba mtoto kwa namna ileile, bila kuupumzisha mkono, maumivu huweza kurudi.

Kuna mpaka mwingine. Dawa inayopitishwa hivi huingia kidogo na haiendi mbali. Kano zilizo karibu na ngozi, kama za kifundo cha mkono, kiwiko na kisigino, zinafikika. Kiungo kilichozama ndani kama nyonga ni vigumu kufikiwa.

Kwa tatizo la De Quervain hasa, sindano ya steroidi inayochomwa kwenye ala ya kano ina ushahidi wenye nguvu zaidi. Anayeogopa sindano anaweza kuchagua umeme, lakini achague akijua hilo.

Kwa watoto

Mzazi anaweza kukutana na tiba hii kwa ajili ya mtoto pia, na mara nyingine nje kabisa ya matatizo ya kano.

Wapo watoto na vijana ambao viganja vyao hutoka jasho kupita kiasi. Daftari hulowa, kalamu huteleza, wino husambaa, na mtoto hukwepa kusalimiana kwa mkono. Wapo wazazi wanaodhani ni woga au uzembe, kumbe ni tatizo la kiafya lenye tiba. Kwa hali hii mikono huwekwa kwenye vibakuli viwili vyenye maji ya bomba, na umeme mdogo hupitishwa. Hata bila dawa yoyote ndani ya maji, jasho hupungua kwa wengi wao. Vipindi huchukua dakika 20 hadi 30, kwa kawaida mara tatu kwa wiki mwanzoni. Jasho likishapungua, vipindi hupunguzwa pia, lakini vikiachwa kabisa jasho hurudi.

Matumizi mengine ni ya uchunguzi. Tangu mwaka 1959, madaktari hupitisha dawa ya pilokapini kwenye ngozi ya mkono wa mtoto kwa umeme ili atoe jasho, kisha hupima chumvi iliyomo ndani yake. Ni kipimo cha ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki fibrosisi, ambao huziba mapafu na kuharibu usagaji wa chakula. Kiwango cha kloridi cha milimoli 60 au zaidi kwa lita huashiria ugonjwa.

Kwa maumivu ya kawaida ya watoto wanaocheza, mambo ni tofauti. Mtoto wa miaka kati ya 8 na 14 anayeumwa kisigino baada ya mpira, au kijana anayeumwa chini ya goti, mara nyingi anaumia mahali ambapo mfupa bado unakua na kano inauvuta. Tiba ya kwanza hapo ni kupunguza mechi na mbio kwa muda, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, na kuvaa viatu vyenye soli laini. Wengi hupona bila mashine yoyote. Mzazi akipendekezewa steroidi kwa umeme kama hatua ya kwanza, ana sababu ya kuuliza kwa nini.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kupelekwa kwenye mashine kabla ya daktari kumwona mtoto. Hizo ni homa pamoja na maumivu ya mfupa au kiungo, kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, maumivu yanayomwamsha usiku, kuchechemea kusikoisha, au kupungua uzito. Kupoza maumivu ya namna hiyo kunaweza kuchelewesha kugunduliwa kwa ugonjwa mkubwa.

Nani asitumie

Watu wafuatao hawapaswi kupitishiwa umeme huu, au wasifanye hivyo kabla ya kuzungumza na daktari wao:

• Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kifaa kingine cha umeme kilichopandikizwa mwilini.

• Mwenye mzio wa dawa inayotumika.

• Mwenye jeraha, upele, kovu bichi, au ngozi iliyowashwa na kubabuka mahali pa kuwekea pedi. Hii ni pamoja na ngozi iliyodhuriwa na piko.

• Asiyehisi vizuri mahali hapo, kwa mfano mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Huyu anaweza kuungua bila kujua.

• Mwenye chuma au skrubu zilizowekwa kwenye mfupa, ikiwa zipo karibu na eneo la tiba.

• Mjamzito, hasa kwa pedi za tumboni, kiunoni au karibu na nyonga.

Mtoto mdogo asiyeweza kusema anachohisi yuko kwenye hatari ileile ya mtu asiyehisi. Mzazi ndiye macho na masikio yake. Akilia au kuvuta mkono, asilazimishwe kutulia ili dakika ziishe. Tiba isimamishwe kwanza, ngozi iangaliwe.

Namna ngozi inavyoungua

Madhara ya kawaida ni madogo: ngozi kuwasha kidogo na kubadilika rangi chini ya pedi kwa saa chache. Lakini kuungua kunaweza kutokea, na mara nyingi hakusababishwi na joto.

Umeme unapopita, maji na chumvi vilivyo chini ya pedi hubadilika. Upande hasi hujengeka alkali, aina ileile ya kemikali iliyo kwenye kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Upande chanya hujengeka asidi. Vikizidi, huila ngozi. Upande hasi ndio wenye madhara zaidi.

Hatari huongezeka pedi ikikauka, ikiwa imebanduka nusu, ikiwa ndogo mno kwa umeme unaotumika, au ikiwa ni pedi kuukuu inayorudiwa. Ndiyo sababu pedi zenye dawa hutengenezwa kutumika mara moja tu.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Badala yake mahali pa pedi panaweza kuonekana peusi zaidi au pa zambarau. Kwa hiyo mtu asisubiri kuona wekundu. Aguse kama pana joto, aangalie malengelenge, na asikilize kama panauma. Malengelenge au kidonda vikitokea, asipake dawa ya meno, asali wala majivu. Apaoshe kwa maji safi, apafunike kwa kitambaa safi na arudi kituoni.

Lipo pia onyo kwa wenye kupenda kujaribu mambo nyumbani. Mashine ya tiba hudhibiti umeme kila wakati ili usizidi kiwango kilichowekwa. Chaja ya simu, betri ya pikipiki na nyaya za ukutani haziwezi kufanya hivyo. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230 na unaua. Hakuna namna salama ya kuiga tiba hii kwa vifaa vya nyumbani, hata kama video ya mtandaoni inaonyesha kuwa ni rahisi.

Mtoa tiba awe nani

Fiziotherapia ni taaluma inayosomewa kwa miaka kadhaa, kwa mfano KCMC mjini Moshi kwa Tanzania, au vyuo vya KMTC kwa Kenya. Nchini Tanzania ipo sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na wataalamu wa afya shirikishi. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2014 iliyounda baraza la kusajili wataalamu wa fiziotherapia.

Kwa hiyo kumwomba mtaalamu uthibitisho wa usajili wake si utovu wa adabu. Mtaalamu wa kweli hutarajia swali hilo. Mchua misuli wa mtaani au muuza mashine dukani anaweza kuwa na nia njema, lakini hakusomea dawa gani ina chaji gani, na hapo ndipo kosa la sungura wa Nantes linapoweza kurudiwa.

Maswali ya kwenda nayo

Mzazi anaweza kuyahifadhi maswali haya kwenye simu na kuyasoma mbele ya mtaalamu:

1. Tatizo langu, au la mwanangu, linaitwaje?

2. Ni dawa gani itapitishwa, na inawekwa upande gani wa mashine?

3. Umeme utakuwa kiasi gani, na kwa dakika ngapi?

4. Vipindi ni vingapi, na gharama yote ni kiasi gani?

5. Tutajuaje kama inasaidia, na tutaacha lini ikiwa haisaidii?

6. Ni mazoezi gani ya kufanya nyumbani pamoja na tiba hii?

Swali la tano ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalookoa fedha. Kabla ya kipindi cha kwanza, mgonjwa ayape maumivu yake alama kati ya 0 na 10, akichagua kazi moja anayoifanya kila siku, kama kukamua nguo au kupanda ngazi. Aandike alama hiyo na tarehe, na arudie kabla ya kila kipindi.

Baada ya vipindi vitatu au vinne atakuwa na orodha fupi inayosomeka. Alama zikishuka, ataendelea akijua kwa nini anaendelea. Zikibaki palepale, aionyeshe orodha hiyo kwa mtaalamu na waamue pamoja kama ni dawa nyingine, mazoezi tofauti, au rufaa kwa daktari wa mifupa. Kipindi cha tano kisilipiwe kabla ya mazungumzo hayo.